Halima wa Melini

Mwanangu Mwanakheri,

Salamu umeshapata, maana tumekaa pamoja tangu adhuhuri, wewe ukikunja nguo na mimi ukinifukuza kila nilipotaka kuzikunja upya. Sasa umekwenda kuwaaga kina shangazi, nyumba imetulia, nami nimechukua kalamu. Mambo ya pasipoti, ya chanjo na ya kutovua koti huko Izmir, Uturuki, babako ameshakwambia, na ameyarudia mpaka paka anayajua. Siyagusi. Mimi nataka kukwambia habari ya jino langu.

Hili pengo la upande wa kushoto umelizoea. Ulipokuwa mdogo shangazi yako alikwambia kila mtoto humgharimu mamake jino, ukadhani ni wewe uliyelichukua. Nilikuacha udhani hivyo, kwa sababu huruma ile ilikufanya uoshe vyombo bila kuitwa. Lakini kesho unaondoka na vyombo nitaviosha mwenyewe, basi faida ya uongo imekwisha. Jino lile lilikuwa zima. Halikuwa na tundu wala maumivu. Liling'olewa kwa sababu ya herufi moja.

Unajua mimi nilitolewa Kismayu nikiwa mgongoni. Vita vilipoingia wazee wangu walikimbilia upande wa Kenya, tukakaa kambini, kambi ikafungwa, tukajibanza mtaani Mombasa. Huko nilikulia, huko nilisoma, huko nilijifunza matusi yote ninayoyajua. Na huko kila nilipogombana na mtu, awe na hoja au hana, neno lake la mwisho lilikuwa, "Rudi kwenu, Msomali we!" Askari akinikamata, Msomali. Nikienda kuomba kazi dukani, Msomali. Nikajiambia, haya, mimi Msomali. Iko siku nitarudi kwetu, na huko hakuna atakayeniuliza kitu.

Tukarudi, mimi na babako, na wewe ukiwa bado na meno ya utotoni. Siku ya kwanza nilikwenda sokoni kununua vitunguu, nikamsalimu muuzaji kwa furaha kama ndugu yangu aliyepotea. Akanitazama juu mpaka chini, akamwambia mwenzake kwa Kisomali, "Mpimie huyu Sijui."

Ndivyo wanavyowaita waliotoka Kenya, eti kwa kuwa kila wakiulizwa jambo hujibu "sijui". Nami kwa hasira nilitaka kumjibu, Kisomali kikanipotea, nikasema, "Sijui unasema nini!" Soko zima likaanguka kwa kicheko.

Nikajifariji kwamba hao ni Wasomali, lakini Wabajuni wenzangu, Waswahili wa visiwa vya pwani hii, ni damu yangu. Nikaenda kwao. Nikafungua mdomo, nikasema "mtu" badala ya "mchu", nikasema "maji" badala ya "mayi", wakashikana mabega kwa kucheka, wakimtaja babako: "Mke wa Shee anazungumza kama redio ya Mombasa!" Nao hawakuwa na ubaya, mwanangu. Leo najua. Lakini siku ile nilirudi nyumbani na kikapu kitupu, nikaapa sitasema tena mbele za watu mpaka ulimi wangu unyooke.

Sasa mtu mzima ananyamazaje bila kuonekana ana kiburi? Nikajifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, nikaonyesha kwa kidole: jino. Ikafaa sana. Sokoni nilionyesha vitu kwa mkono, nikapimiwa, nikapewa na pole juu yake. Kosa langu ni kusahau kwamba mji huu hauwezi kumwona mgonjwa ukamwacha. Jirani akaniletea karafuu. Mwingine akaniletea mafuta ya papa. Mwingine akaja na chetezo, akanifukiza shavu mpaka nikatoka machozi ya kweli. Mwisho babako, kwa mapenzi yake, akanishika mkono akanipeleka kwa mng'oa meno.

"Ni lipi?" akauliza yule bwana.

Nikafikiri haraka. Nikisema kweli, mume wangu atajua nimemdanganya yeye na mji mzima. Nikikaa kimya, jino litakwenda. Nikanyoosha kidole. Likatoka kwa shida sana, maana lilikuwa bado linapapenda pale. Yule bwana akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa heshima, akasema, "Zuri hili."

Basi hiyo ndiyo akili ya mamako alipokuwa anatafuta kwao.

Baada ya hapo kisingizio kikaisha na pesa pia zikaisha, nikaanza kuwapikia makuli wa bandarini. Kazi ile ilinifaa kwa sababu kuli mwenye njaa hasikilizi lafudhi. Nilipika wali, samaki na chai, nikapakua, nikajibu kwa kichwa. Ndipo ikafunga gati ile meli ya mizigo, kuukuu, yenye kutu kama sufuria la mtaani la msibani. Na ndani yake, mpishi: mwanamke wa Ukraini, mnene, mrefu, ngozi imeunguzwa na jua ikawa na rangi ya kamba aliyechemshwa.

Wewe unamkumbuka Mama Halima kwa zile ngoma alizokufundisha na kwa viazi. Hukumbuki alivyoanza. Alianza kwa uadui.

Siku hiyo alikuwa amenunua changu wazuri kwa wavuvi, akakaa juu ya meli pembezoni akiwasafisha. Nikamwona anakata kichwa, anakitupa baharini. Anakata cha pili, anatupa. Mwanangu, mimi nimelelewa kambini. Nimeona watu wakipigia kura kichwa cha samaki. Sikujua nimefika saa ngapi ukingoni mwa gati.

"We! We mwanamke! Kichwa cha changu unatupa? Ulizaliwa na nani wewe? Huko kwenu samaki wana vichwa vya kuokota?"

Akasimama na kisu chake. Akanijibu kwa lugha yake, maneno marefu yenye miiba, akielekeza kisu kwenye moto wangu, kwenye moshi, kwenye nguo zake alizoanika ambazo moshi wangu ulikuwa umezipiga. Nikamjibu. Akanijibu. Makuli wakatua magunia, wakakaa juu yake kutazama. Hakuna aliyeelewa maneno ya mwenzake hata moja, lakini wapishi wawili wakigombana hawahitaji mkalimani.

Niliporudi kwenye masufuria yangu, kuli mmoja akaniambia, "Kumbe una sauti." Ndipo nikatambua. Nilikuwa nimepiga kelele bandari nzima, mbele ya kila mtu, kwa Kiswahili changu cha Mombasa chote, na sikuifikiria hata herufi moja. Kwa yule mzungu sikuona haya. Kwake yeye "mtu" na "mchu" vyote vilikuwa upepo.

Kesho yake ndoo ikateremshwa kwa kamba kutoka juu ya meli, ikatua mbele yangu. Ndani vichwa vya changu, vimeoshwa. Nikaitazama ndoo, nikaitazama meli. Yeye amenipa mgongo, anajifanya anaanua nguo. Nikavipika kwa nazi na ukwaju, nikatia bakuli ndani ya ndoo, nikaivuta kamba mara moja, ikapanda. Baadaye ikashuka na supu nyekundu ya kwao, baridi, yenye siki iliyonikunja uso mpaka masikioni. Nikainywa yote kwa sababu alikuwa anachungulia.

Ikawa hivyo. Ndoo inapanda, ndoo inashuka. Siku moja akashuka yeye mwenyewe, akajipiga kifua: "Halyna." Makuli wakasikia Halima, na nani atawabishia makuli? Akawa Halima.

Kisha mwenye meli akaacha kupokea simu. Shehena ilishateremshwa, mafuta hakuna, mishahara hakuna, na simu inalia tu. Mabaharia wakaondoka mmoja mmoja, kila aliyetumiwa nauli na ndugu zake. Halima akabaki. Nilimuuliza kwa ishara: kwenu wapi, kwa nini huendi? Akakaa kwenye kigoda changu, akachukua kiazi, akakiweka mkekani: mji wake. Akasogeza vitunguu upande huu: hawa wanasema ni wao. Akasogeza nyanya upande ule: na hawa wanasema ni wao. Nyumba ya mamake, akapuliza mkononi, hakuna. Pasipoti imekwisha muda. Akakitazama kile kiazi kitambo, kisha akakimenya, akakikata, akakitia sufuriani kwangu. Nikamwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote aliyenieleza habari za siasa.

Wakubwa wa bandari walipoamua meli ile isogezwe nje na asilale mtu ndani, nilimleta nyumbani. Babako aliogopa, na alikuwa na haki. Mzungu mtaani Kismayu nyakati zile alikuwa kama mbuzi wa Idi: kila anayepita anamtazama kwa hesabu yake. Tukamvisha buibui na ukaya wa uso. Buibui langu lilimfika magotini, ikabidi tushone mawili tuyafanye moja.

Aliyebaki ni bibiyo, Mungu amrehemu. Bi Tima alikuwa na mtoto wa jicho, anaona ukungu na vivuli tu, lakini hakuna aliyeingia nyumba hii bila kuulizwa ukoo wake mpaka babu wa babu.

"Nani huyo?" akauliza, kivuli kikubwa kilipojaza mlango.

"Rafiki yangu, mama. Halima."

"Halima wa nani?"

Babako akababaika, "Wa... wa melini, mama."

"Aa, wa Melini," akasema bibiyo, kama mtu anayekijua kijiji hicho. "Si wale waliohamia kisiwa cha Chula? Babu yangu akiwataja. Wachu wakubwa wakubwa. Kaa, mwanangu, kaa ukune nazi."

Na Halima akakaa akakuna nazi, na hakuondoka pale kwenye mbuzi ya nazi miezi kadhaa. Mimi nilikuwa bandarini tangu asubuhi, babako kwenye mashini zake za boti, wewe chuoni ukisoma Kurani. Nyumbani walikuwa wawili hao. Bibiyo akizungumza, Halima akisikiliza. Na bibiyo, unamkumbuka, alikuwa na mada moja aliyoipenda kuliko zote: kasoro zangu. Mzungu wa watu akajifunza Kibajuni safi cha visiwani, chenye "mchu" na "mayi" mahali pake, lakini msamiati wake wote ulikuwa wa jikoni na wa kunisema mimi.

Sikufurahi, nisikufiche. Wivu ulinikaba. Siku moja nimerudi nimechoka namsikia bibiyo anamwambia jirani, "Halima anasema vizuri kuliko mke wa Shee. Huyu wetu aliharibiwa Mombasa." Mimi niliyezaliwa hapa nachekwa, aliyezaliwa kwenye theluji anasifiwa! Usiku nikameza kiburi, nikamfuata Halima jikoni, nikamwomba anifundishe.

"Sema mchu," akasema, akikaza uso kama mwalimu.

"Mchu."

Akatikisa kichwa. "Bado mtu."

Nikasema tena. Akanishika taya kwa mkono wenye unga, akalisogeza. Nikasema tena. Tukacheka mpaka bibiyo akatugombeza kutoka chumbani kwamba tunawaamsha majini. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nirudi.

Sasa sikiliza habari ambayo hujawahi kuijua, kwa sababu wewe ulikuwa umetangulia kisiwani na bibiyo. Mtoto wa shangazi yako alikuwa anaolewa Koyama. Halima alishaahidi kupika, na aliyemwahidi bibiyo kitu hana njia ya kurudi nyuma. Tukaenda pwani, mimi, yeye na babako, na masufuria, na magunia ya viazi, kupanda boti ya mashini pamoja na watu wengine wa arusini. Pale kabla ya kupanda palikuwa na kizuizi cha askari. Mkubwa wao alikuwa sajenti mwenye ndevu za hina, mtu wa bara, ambaye aliwahi kukaa na Wabajuni na akajiona bingwa.

"Mimi Mbajuni sihitaji kitambulisho chake," alikuwa anawaambia vijana wake. "Namjua kwa masikio."

 Nilimshika Halima mkono chini ya buibui. Wakija kugundua kwamba tumemficha mzungu ndani ya mabuibui mawili yaliyoshonwa pamoja, babako angelala ndani, na yeye sijui wangempeleka wapi.

Askari wa kike akamfunua Halima ukaya. Akashtuka. Uso mwekundu, jicho la buluu. "Sajenti, njoo umwone huyu!"

Sajenti akaja, akauliza kwa Kiswahili, akimwita dada kwa Kisomali, "Unatoka wapi, abaayo?"

Halima akajibu kwa maneno aliyokuwa nayo: "Miye mchu wa Koyama. Arusi iko, mayi yanakupwa, nazi haijakunwa!"

Sajenti akafumba macho akitabasamu, kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni. "Umesikia hiyo 'mchu'? Umesikia 'mayi'? Mwache apite. Hawa Wabajuni kila mmoja na rangi yake: mmoja Mwarabu, mmoja Mchina, huyu wa bahari kuu. Pita, mama."

Nikataka kucheka kwa faraja. Hapo akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

Mwanangu, nilikuwa nimefanya mazoezi kila siku, taya limesogezwa na kusogezwa. Nikavuta pumzi. Na hofu ikaninyang'anya kila kitu. "Mimi ni mtu wa hapa hapa," nikasema. "Mtu wa Kismayu."

"Mtu?" Akalionja neno mdomoni. "Mtu! Huyu Sijui! Mkenya huyu! Kaa kando."

Kitambulisho changu kilikuwa nyumbani ndani ya kabati. Babako akaja juu: ni mke wangu, mama wa mtoto wangu. Sajenti akamjibu bila hasira, "Kuoa si kosa, bwana. Lakini sijui umemtoa wapi. Mjumbe wa mtaa atakuja kesho amwangalie." Nikawekwa juu ya gunia la mchanga kando ya njia. Watu wanapita na masufuria ya arusi wananitazama. Na unajua nilichokiwaza? Sikuwaza jela wala kurudishwa Kenya. Niliwaza kwamba mwanamke wa Ukraini amekubaliwa kuwa Mbajuni, na mimi nimekataliwa, na yule sajenti kasema kweli. Nikalia, makamasi yakanitoka, mbele za watu.

Maji yalikuwa yanatoka, mwenye boti anapiga honi. Halima alishapanda. Angeweza kukaa kimya akaenda zake salama. Nilimwomba kwa macho aende. Nikamwona anasimama, boti inayumba, anateremka kwenye tope, ndara moja inabaki huko huko, anakuja kwa sajenti buibui limepandishwa magotini.

"Huyu mchu wetu," akasema, ananionyesha.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani wenu?"

Hapo maneno yakamwishia. Nilimwona anayatafuta. Hakuwa na neno la "rafiki", hakuwa na neno la "alinipokea", bibiyo hakumfundisha hayo. Akapekua alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Akashika kiuno, akaanza, kwa sauti ya Bi Tima mtupu:

"Huyu mvivu! Nazi akikuna, nusu inabaki kifuuni! Mchuzi wake mayi matupu! Chumvi hajui! Wali wake juu mbichi chini makaa! Analala mpaka jua limpige matako! Mumewe amekonda! Mungu ametupa huyu, tufanyeje? Huyu wetu!"

Yule askari wa kike akaziba mdomo. Sajenti akajaribu kujizuia, ndevu za hina zikaanza kutikisika, mwisho akainama akashika magoti. Alipopata pumzi akajipangusa macho.

"Mchukue," akamwambia babako. "Mtu hasemwi hivi ila na wa kwao."

Tukafika Koyama tumechelewa, tumelowa, Halima na ndara moja, mimi na macho mekundu. Bibiyo alikuwa amekaa mlangoni na bakora, akatugombeza kuanzia hapo mpaka jikoni. Alimgombeza Halima, alinigombeza mimi, hakutofautisha. Kila tusi aliligawa katikati sawasawa kama mkate. Sikumbuki kama nimewahi kusikia maneno matamu zaidi.

Arusi ilikwenda vizuri. Wali niliupika mimi, na haukuungua sana. Viazi vya Halima vililiwa na wazee kwa tahadhari, kisha kwa vita.

Siku ya kurudi nilikaa na bibiyo, nikaona haya kuendelea kumficha. Nikamwambia, "Mama, Halima si wa Chula. Ni mzungu. Anatoka Ukraini, alikuja na meli."

"Kwani mimi mjinga?" akasema. "Macho yangu ndiyo mabovu, pua si mbovu. Mbajuni gani ananukia siki?"

"Tangu lini unajua?"

"Tangu alipoingia mlangoni."

"Na ile habari ya Melini? Ya babu yako?"

Akanyoosha miguu, akaipapasa. "Ningesema namjua ni mzungu, mngeanza mkutano. Alale wapi, aje nani, aulizwe nani. Mchu amesimama mlangoni amechoka. Nikampa kijiji." Kisha akaongeza, "Wewe nawe, ungalizungumza tangu siku ya kwanza ningalikuzoea mapema. Ulikaa umefunga uso na leso, nikadhani unanichukia."

Yapo mambo mtu huyasikia yakamkalia tumboni. Muda wote ule nilidhani kuna mlango umefungwa, na nyuma yake watu wananipima ulimi. Kumbe kulikuwa na mwanamke mzee asiyeona, ananisubiri nimjibu.

Pasipoti ya Halima ilipatikana mwishowe, akaenda kwa dadake Polandi. Bibiyo alimfungia papa mkavu kwenye sanduku, ukubwa wa mlango. Anasema huko uwanja wa ndege afisa alifungua lile sanduku, akalifunga papo hapo, akampungia mkono apite. Leo anapika jikoni kwenye hospitali, na bado ananipigia simu kuniuliza kama nimejifunza kutia chumvi. Wenzake kazini humuuliza kila siku, kwa lafudhi yake, ametoka wapi. Siku moja alichoka akasema, "Koyama." Mwenzake akamuuliza kama hiyo ni Ukraini ya mashariki. Akasema ndiyo, mashariki kabisa.

Nawe huko utaulizwa. Wasomali wa huko watakuuliza ukoo, watakutazama nywele. Waturuki watakuuliza kama Waafrika wote ni ndugu zako. Wengine watakucheka, na wanaocheka si wote wabaya. Wengine wanangoja tu ucheke nao. Mimi sina dawa ya hayo. Ninachoweza kukwambia ni hiki kidogo: mtafute mtu mmoja huko unayeweza kumpigia kelele bila kuchagua maneno. Usimtafute anayefanana nawe; mimi wangu alikuwa rangi ya kamba wa kuchemshwa na alitupa vichwa vya samaki. Na usisubiri ulimi unyooke ndipo useme. Wangu mpaka leo haujanyooka, na jana tu muuza vitunguu kaniita Sijui, nikamwambia sijui na yeye, tukacheka, akaniongezea kitunguu.

Nasikia sauti yako inakuja mtaani na kina shangazi, basi nafunga. Barua hii nitaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya yale makoti, uipate ukiwa umeshafika na huwezi kurudi kunibishia.

Jambo moja tu kuhusu kesho, ambayo ukisoma haya itakuwa imeshapita. Pale uwanja wa ndege kutakuwa na watu wengi, babako atakuwepo, na mimi sikuumbwa kulia mbele ya mawifi. Nitaanza kukugombeza juu ya zipu ya sanduku. Nitasema umeifunga vibaya, nitasema ndivyo ulivyo, hufanyi kitu kikakamilika, nitapiga kelele mpaka watu wageuke. Kama ulinijibu, nimekusamehe, na wala usiihangaikie hiyo zipu, mwanangu. Haina ubaya wowote.

Mamako,
Zuhura